Kupanda Vugizo kwa miguu: mwinuko unaosimulia historia ya Bujumbura

Kila tarehe 13 Oktoba, viongozi wa nchi huweka mashada ya maua kwenye kaburi la Mwanamfalme Louis Rwagasore, katika kilima cha Vugizo kinacholiangalia jiji la Bujumbura. Wengi hufika huko kwa gari. Anayepanda kwa miguu kutoka pwani ya ziwa huiona historia ya jiji ikijipanga mbele yake, mtaa baada ya mtaa, na msikilizaji wetu wa Kiswahili atakuta humo sehemu ya historia yake mwenyewe.

Kwa nini jiji limepangwa kwa ngazi?

Ziwa Tanganyika liko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, na mji ulianzia kwenye tambarare iliyo kando yake. Wajerumani walijenga hapo kituo cha kijeshi mwishoni mwa karne ya 19, wakakiita Usumbura. Wabelgiji waliuteka mji huo mwaka 1916, kisha wakaufanya makao makuu ya utawala wa Ruanda-Urundi.

Katika kuupanga mji, wakoloni waliwatenga watu kwa rangi. Wazungu walipewa Rohero na baadaye miinuko ya Kiriri, ambako upepo ni mwanana na ziwa lote huonekana. Waafrika waliwekwa chini, penye joto na maji ya mvua yanayotuama: Buyenzi, na mtaa wa Belge ambao leo unaitwa Bwiza. Buyenzi ndiko walikokusanywa Waswahili, wengi wao wakiwa wazao wa wafanyabiashara, wapagazi na askari waliotoka Ujiji, Manyema na pwani ya Bahari ya Hindi. Barabara zao hazikupewa majina ya watu bali namba, na hadi leo mkazi hujitambulisha kwa namba ya avenyu yake.

Bujumbura haiko peke yake katika hilo. Nchini Japani, bandari ya Nagasaki ilipofunguliwa kwa biashara ya kimataifa mwaka 1859, wageni kutoka Ulaya na Marekani walipewa viwanja vilimani. Wenyeji, waliokuwa wamezoea Waholanzi kwa zaidi ya miaka 200, waliwaita Wazungu wote Waholanzi. Barabara ya mawe inayopanda kwenye makazi yao inaitwa Oranda-zaka, yaani Mteremko wa Waholanzi, na watalii huipanda hadi leo. Huko pia, mwinuko unaonyesha nani alipewa nafasi gani.

Waswahili wanahusikaje na kaburi la Vugizo?

Mwaka 1957 Rwagasore, mtoto wa Mwami Mwambutsa wa Nne, alianzisha ushirika wa wafanyabiashara ili kuwapa wananchi nguvu katika uchumi uliokuwa mikononi mwa wageni. Wafanyabiashara Waswahili wa Usumbura walikuwa miongoni mwa waliomuunga mkono mapema. Mwana wa ikulu aliteremka tambarare, na watu wa tambarare wakampokea.

Tarehe 18 Septemba 1961, chama chake cha UPRONA kilishinda viti 58 kati ya 64 vya Bunge. Rwagasore akawa Waziri Mkuu. Wiki chache baadaye, tarehe 13 Oktoba, alipigwa risasi akiwa mezani katika Hoteli Tanganyika, akiwa na umri wa miaka 29. Nchi ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962 bila yeye. Kwa hiyo, anayetoka ziwani hadi Vugizo hufuata njia inayoanzia karibu na mahali alipouawa na kuishia mahali alipozikwa.

Jambo hili lina uzito leo. Katika mazungumzo ya kila siku nchini Burundi, neno «Mswahili» bado hutumiwa na baadhi ya watu kwa maana ya mjanja au mtu wa kuja. Kijana wa Buyenzi anayeijua historia ya mwaka 1957 anacho cha kujibu: wazee wake walikuwamo katika harakati zilizoizaa nchi hii.

Ni nini cha kuzingatia njiani?

Mkazi wa Mutanga Sud ana safari fupi kuliko wa Buyenzi, kwa kuwa mtaa wake tayari umeegemea vilima. Kiriri, ambako Wajesuiti walijenga Chuo cha Roho Mtakatifu katika miaka ya 1950, leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Burundi.

Miinuko hiyo ina hatari zake. Mto Ntahangwa, unaopita kando ya Mutanga Sud, humega kingo zake kila masika, na makorongo yameshazikaribia nyumba za watu. Mwezi Oktoba ndipo mvua huanza. Usitembee pembezoni mwa korongo wala kuvuka mtaro uliojaa. Ondoka alfajiri kabla ya jua kali, beba maji ya kunywa, na tembea upande unaokuwezesha kuyaona magari yanayoteremka.

Ukifika juu, geuka utazame nyuma. Siku isiyo na ukungu utaona milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, na chini yake mabati ya Buyenzi. Ukiwa umeongozana na mzee wa mtaa huo, mwombe akuonyeshe avenyu aliyozaliwa na akueleze waliokuwa wakikaa humo mwaka 1961. Mengi ya hayo hayajaandikwa, na wanaoyakumbuka wanazidi kupungua.