Mgongoni mwa Kaa wa Kijito

Mwezi uliopita, huko Nyamira, nilipindua jiwe katika kijito kinachoteremka kuelekea Mto Gucha. Kaa wa kahawia alinikabili, gamba lake pana kama kiganja cha mtoto, magando yote mawili juu. Watoto wanaochota maji hapo wanamjua tangu wajue kutembea.

Huyu ni wa jenasi ya Potamonautes, yenye spishi zaidi ya 100, zote za Afrika. Kaa wengi wa baharini huachilia mabuu yao yaelee na mkondo. Wa milimani hathubutu, maana kijito kingeyazoa yote. Mama hufumbata mayai chini ya tumbo mpaka yaanguliwe yakiwa vikaa kamili, kisha huendelea kuvibeba.

Lakini mgongoni alipandwa na balaa. Inzi mdogo mweusi, Simulium neavei, alieneza usubi, ugonjwa wa minyoo unaowasha ngozi miaka nenda rudi na hatimaye kupofusha macho. Bonde la Kodera, jirani na Kisii, liliumia sana. Mwaka 1946, watafiti Garnham na McMahon walitia DDT, dawa ya kuua wadudu, katika mito ya Kodera, na inzi wakatoweka. Jambo linalonishangaza hadi leo ni kwamba walishinda bila kujua adui anakulia wapi: hakuna aliyekuwa ameyaona mabuu ya inzi huyo. Inzi wengi wa jamii yake hukulia kwenye mawe na majani yaliyozama.

Jibu lilipatikana mwaka 1950. Mtafiti Van Someren na McMahon waliyakuta mabuu yameng'ang'ania mwili wa kaa. Hayamli. Yamepanda tu, yakichuja chakula katika maji yanayopita, na kaa anatembea nayo. Mwaka 1958 McMahon na wenzake waliandika kwamba inzi huyo ametokomezwa Kenya.

Kwa hiyo kaa huyu hana hatia hata chembe, na sasa hana mzigo huo. Anachohitaji ni maji safi yenye kivuli, na hapo ndipo moyo unaponiuma: mikaratusi imefika ukingoni, na majembe yanalima hadi majini, tope likishuka kila mvua inyeshapo.

Nilipomtazama vizuri, tumbo lake lilikuwa limetuna, na pembeni vijiguu vyeupe vilikuwa vikichezacheza. Nililirudisha jiwe taratibu, kwa mikono miwili.