Msitu ni wa wote, njia je?

Lugha ya Kiswahili iliwaweka kipofu, kiziwi na kiwete katika ngeli ya vitu, pamoja na kiti na kikapu. Hata hivyo, sarufi hiyo hiyo ilikataa kuwaacha humo. Hakuna Mswahili asemaye "kipofu kimefika". Sote husema "kipofu amefika". Nomino imevaa kiambishi cha kitu, lakini kitenzi chasisitiza kwamba aliyefika ni mtu. Je, sisi tunaotengeneza na kusimamia njia za matembezi tumeutambua utu huo?

Tuchukue mfano wa Msitu wa Karura jijini Nairobi. Mnamo Januari 1999, marehemu Profesa Wangari Maathai alijeruhiwa kichwani alipokwenda huko na wenzake kupanda miti, wakipinga ardhi ya msitu huo kutwaliwa na watu binafsi. Msitu ulinusurika, na leo maelfu ya watu huenda kutembea chini ya miti yake. Uliokolewa kwa jina la umma. Lakini mtu anayetumia kiti cha magurudumu hawezi kuteremka vipandio vya kuelekea kwenye maporomoko ya maji, naye ni sehemu ya umma huo.

Haki yake si ya kuombwa kama sadaka. Ibara ya 54 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika, kwa kadiri inavyofaa, mahali pote. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, unazitaja waziwazi burudani na sehemu za utalii.

Wapo watakaosema kwamba msitu ni msitu, na kwamba bonde halisawazishwi kwa sheria. Hoja hiyo ina ukweli, nami sipendekezi kila kijia kimwagiwe saruji. Mizizi na miteremko ni kazi ya maumbile. Vipandio, vyuma vya langoni visivyopitisha magurudumu na vyoo vyenye milango myembamba ni kazi ya binadamu, na kilichofanywa na binadamu hurekebishika. Kule Nairobi Safari Walk, kwenye barabara ya Lang'ata, mgeni hutazama wanyama akiwa juu ya njia ya mbao iliyoinuliwa. Kumbe yawezekana kumwingiza mtu porini bila kumlazimisha kukanyaga matope.

Lakini hata kabla ya mbao na misumari, lipo jambo lisilogharimu ila uaminifu, nalo ni maneno. Mara nyingi njia husifiwa kuwa "rahisi". Rahisi kwa nani? Kwa kijana mwenye viatu vya michezo, au kwa mzee wa magongo? Neno hilo halipimi chochote. Ubao wa langoni useme njia ina urefu wa mita ngapi. Upana wake ni sentimita 90 za kupitisha kiti kimoja au 180 za kupishana viwili. Na kama mwinuko ni mita 1 kwa kila mita 20 au ni mkali zaidi. Useme pia kama ardhi ni kokoto au udongo mwekundu unaoteleza baada ya mvua, na mahali pa kupumzika pako wapi. Maelezo hayo yaandikwe kwa herufi kubwa na kwa Breli, na yasomwe kwa sauti kwa anayepiga simu kuuliza.

Akiambiwa ukweli, mtu atajiamulia mwenyewe kwenda au kutokwenda. Asipoambiwa, atabaki nyumbani kwa kuhofia aibu ya kukwama njiani na kubebwa kama mzigo. Kisha wasimamizi watadai kwamba watu wenye ulemavu hawaji, kwa hiyo hakuna haja ya kutengeneza njia.

Wahenga walinena kuwa asiyekuwapo na lake halipo. Basi wasimamizi wa misitu na mbuga zetu wawaalike wenye viti vya magurudumu, wenye fimbo nyeupe na watumiaji wa lugha ya ishara, waipitie njia pamoja nao hatua kwa hatua, na papo hapo waandike kila kizuizi. Waanze na njia moja fupi inayozunguka na kurudi langoni, lakini iwe njia kamili. Sarufi yetu ilikwisha kukiri kuwa huyu ni mtu. Iliyobaki ni zamu ya wenye funguo za lango.