Kupoza Upesi Maji Yaliyochemshwa, Maziwa na Vinywaji Vingine

Wakati wa kiangazi, watu wa Mbuba wanapochuma kahawa, jambo lile lile huonekana katika mashamba mengi. Mama wa nyumba ameamka alfajiri, amechemsha maji ya kunywa kama alivyofundishwa, ameyatia katika debe la plastiki, na debe limepelekwa shambani. Ifikapo saa nne jua limekuwa kali na wachumaji wana kiu. Wakiyaonja maji yale huyatema, kwa kuwa yangali vuguvugu na yananuka moshi. Kisha mtoto hutumwa bondeni na ndoo, na wote hunywa maji ya kijito, yaliyo baridi na matamu kinywani. Basi kuni zimeungua bure. Baada ya siku chache watu wawili watatu wamelala nyumbani kwa kuhara, na kahawa iliyoiva yaanguka chini bila mchumaji.

Hapo kwanza mimi nilikuwa nikiwalaumu wachumaji hao na kuwaita wakaidi. Siku hizi siwalaumu tena. Mtu mwenye kiu juani hatakunywa maji ya vuguvugu ikiwa maji baridi yako karibu, hata ukimhubiria mchana kutwa. Mafundisho yetu yaliishia kwenye kuchemsha, nasi hatukuonyesha jinsi ya kupoza. Kwa hiyo kazi ilibaki nusu.

Yafaa tuanze kwa kufahamu joto lenyewe. Joto hutoka katika kitu cha moto na kuingia katika kitu kisicho moto kama hicho, wala halisimami mpaka vyote viwili vimelingana. Sufuria ya maji ya moto ikiachwa sakafuni, joto lake huingia katika hewa iliyoizunguka, lakini hewa hupokea joto polepole mno. Maji hulipokea upesi zaidi kuliko hewa iliyotulia, zaidi ya mara 20. Jambo hili kila mtu amelijua kwa mwili wake: asubuhi ya mwezi wa Julai mtu aweza kusimama nje katika baridi bila shida kubwa, lakini akiingia mtoni, ingawa maji yana baridi ile ile ya hewa, mara meno yagongana. Maji yamemnyang'anya joto lake kwa haraka.

Kwa hiyo njia ya kwanza ya kupoza maji yaliyochemshwa ni kuitia sufuria yake, ikiwa na kifuniko, ndani ya karai kubwa lenye maji baridi. Sufuria na iwe ya bati au ya aluminiamu, kwa maana madini hupitisha joto upesi. Chombo cha plastiki au cha udongo mnene hulizuia. Karai liwekwe chini, mahali watoto wasipochezea, kwa kuwa wengi wameungua kwa maji ya moto yaliyopinduka. Maji ya karai yasifike karibu na mdomo wa sufuria. Hilo ni jambo kubwa, nami nalirudia kila nifundishapo: tone moja la maji ya kijito likiingia katika maji yaliyochemshwa, huenda limerudisha vile vijidudu ulivyoviua kwa kuni zako.

Watu wengi wakifanya hivyo huteka maji mengi mara moja, na hapo hupoteza jasho lao bure. Tuhesabu pamoja. Una lita 10 za maji ya moto ya digrii 90, na lita 30 za maji ya kijito ya digrii 20, zilizopandishwa mlimani kichwani. Ukiweka sufuria katika lita 30 zote kwa pamoja na kungoja mpaka yamelingana, maji yako yatafika kadiri ya digrii 37. Lakini ukitumia lita 10 tu kwanza, yatafika digrii 55. Ukimwaga hizo na kutia lita 10 nyingine, yatafika digrii 37, yaani umekwisha kulingana na yule mwenye kutumia lita 30 zote, nawe bado unayo ndoo moja mkononi. Ukitumia na ndoo hiyo ya tatu, yatafika karibu digrii 29. Kwa kweli chombo chenyewe na hewa hubadili hesabu hii kidogo, lakini kanuni haibadiliki: maji kidogo kwa kubadilishwa hupoza kuliko mengi kwa mara moja. Maji yanayomwagwa si ya kutupa. Ya kwanza yana moto wa kutosha kuoshea vyombo, na mengine yanywesheni ndama au yamwagieni miche.

Wakati sufuria iko karaini, koroga maji ya karai kwa mti, na maji ya ndani kwa kijiko kirefu kilichochemshwa pamoja nayo. Usipokoroga, maji yaliyogusa sufuria hupata moto na kukaa pale pale kama blanketi, nayo huzuia maji baridi yasiifikie. Na ile harufu ya moshi iliyolalamikiwa hupungua sana ikiwa sufuria ilifunikwa tangu jikoni.

Njia hiyo haiwezi kuyafanya maji yawe baridi kuliko maji ya kijito. Kwa kupita hapo iko njia ya pili, nayo wazee wetu waliijua kabla ya sisi walimu kuzaliwa, yaani mtungi wa udongo.

Mtungi uliochomwa vizuri bila kupakwa rangi una vitundu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Maji hupenya humo na kutokea nje kama jasho, kisha hukauka na kuwa mvuke. Maji yakigeuka mvuke huchukua joto jingi ajabu. Lita 1 ikikauka kabisa huchukua joto litoshalo kupunguza digrii 10 katika maji kiasi cha lita 58. Sehemu ya joto hilo hutoka katika hewa, si katika maji yetu, hata hivyo kikombe kimoja kikikauka juu ya mtungi, utaonja tofauti. Lamba kidole chako ukipulize, utaona upande uliolowa ukipata baridi. Mtungi hufanya kazi hiyo hiyo mchana na usiku bila kudai mshahara.

Walakini mtungi wataka vitu viwili, navyo ni kivuli na upepo. Nimeuona mara nyingi umewekwa pembeni mwa jiko, au nyuma ya mlango mahali pasipopita hewa, kisha mwenyewe asema ya kuwa mitungi ya siku hizi haipozi. Uweke juu ya mafiga matatu ili hewa ipite na chini yake, karibu na dirisha au chini ya mwembe. Ukitaka kujua kama leo utapoza vizuri, tazama nguo kambani. Nguo zikikauka upesi, mtungi utapoza; zikikaa mbichi tangu asubuhi hata jioni, kama wakati wa masika, usiutegemee sana. Hewa iliyojaa unyevu haipokei mvuke mwingine.

Ununuapo mtungi kwa mfinyanzi, ujaze maji na kuuacha usiku kucha. Asubuhi ukiukuta umelowa nje pande zote, bila kuvuja mahali pamoja, huo ni mzuri. Ukiukuta mkavu kabisa, utafaa kuwekea maharage. Mtungi wa zamani ulioacha kutoka jasho mara nyingi umezibwa kwa uchafu wa maji. Usugue kwa brashi ngumu na maji safi, bila sabuni ya mafuta. Nao uwe na kifuniko, na maji yatekwe kwa kata yenye mpini mrefu, itundikwe ukutani isilale chini. Vikombe vya kila mgeni vikichovywa ndani, hakuna faida ya kuchemsha.

Mtungi hauchukuliki shambani kwa urahisi, na debe la plastiki halitoki jasho. Basi livike debe nguo. Chukua gunia safi au kipande cha kitambaa cha pamba kinene, lifunge debe pande zote, kilowanishe vema, kisha litundike katika tawi lenye kivuli mahali papitapo upepo. Kila kitambaa kinapoanza kukauka, kinyunyizie maji tena, na kwa kazi hiyo maji ya kijito yafaa, mradi yasiingie ndani. Mwenye chupa moja tu aweza kuivika soksi nzee ya pamba iliyofuliwa. Watu huicheka chupa hiyo asubuhi na kuiomba adhuhuri.

Sasa maziwa, ambayo hasara yake huonekana upesi mfukoni. Maziwa hutoka katika kiwele yakiwa na joto la mwili wa ng'ombe, zaidi kidogo ya digrii 37, na joto hilo ndilo vijidudu hulipenda mno. Baadhi yao huongezeka maradufu kwa nusu saa au chini yake. Mkulima akikamua saa kumi na mbili asubuhi na kuyaacha maziwa katika dumu la plastiki mpaka mnunuzi afike saa nne, hesabu mwenyewe ni mara ngapi vimezaana. Mimi nimekwisha kuona maziwa ya asubuhi nzima yakirudishwa kwa mwenyewe kwa sababu yameanza kuganda yalipopimwa, naye alikuwa na kijito kilichopita hatua 50 tu kutoka zizini.

Dawa yake ni kuyapoza mara tu baada ya kukamua na kuchuja. Yatie katika chombo cha aluminiamu chenye kifuniko, kiweke katika maji baridi kama tulivyoeleza, koroga kwa kijiti safi cha madini, na kubadili maji. Viwanda vya maziwa hutaka digrii 4, nasi kwa karai na kijito hatutafika huko. Lakini kuyashusha kutoka 37 hata 20 hupunguza mwendo wa vijidudu na kukupa muda wa kumfikia mnunuzi. Maziwa ya jioni yaliyokwisha poa yasichanganywe na ya asubuhi yenye moto, kwa maana yale yenye moto huyaamsha mengine. Tena kumbuka ya kuwa baridi haiui vijidudu, hulaza tu. Maziwa ya kunywa nyumbani yachemshwe kwanza, ndipo yapozwe.

Katika Naijeria, mwalimu mmoja aitwaye Mohammed Bah Abba alieneza, katika miaka ya 1990, njia ya kuweka chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa na kujaza mchanga mbichi katikati yao, juu kukafunikwa kwa kitambaa kilicholowa. Yeye alikusudia zaidi kuhifadhi mboga, lakini maji matamu ya ndizi mbivu nayo hukaa vizuri humo, nayo huchelewa kuchacha. Ni kazi nyepesi kwa aliye karibu na mfinyanzi.

Barafu nayo imeingia vijijini. Maporomoko ya Rusumo, hapa hapa wilayani Ngara, yana mtambo wa umeme wa megawati 80 uliojengwa kwa shirika la Tanzania, Rwanda na Burundi, ingawa kila nyumba haijapata jokofu. Mwenye arusi hununua barafu na kuimwaga juu ya makreti ya soda zilizoshinda juani, kisha barafu yaisha kabla ya wageni kuketi. Kilo 1 ya barafu ikiyeyuka huweza kupunguza digrii 20 katika lita 4 tu. Kwa hiyo usiitumie kuondoa joto ambalo kijito kingeliondoa bure. Laza chupa kwanza katika maji baridi tangu usiku, ndipo utie barafu mwishoni. Barafu ipondwe na kutiwa pamoja na maji, kwa sababu mabonge makavu huigusa chupa mahali pachache tu, na maji huigusa pande zote. Ukiongeza konzi chache za chumvi na kuzungushazungusha chupa humo, soda hupoa upesi zaidi, maana chumvi huyafanya maji ya barafu yashuke chini ya digrii 0. Barafu ya maji yasiyochemshwa isitiwe ndani ya kinywaji.

Vijana waliosoma huniuliza kama si kweli ya kuwa maji ya moto huganda kabla ya maji baridi. Habari hiyo ilianza kwetu. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Magamba, alitia katika jokofu maziwa ya aisikrimu yangali moto, kwa kuogopa kukosa nafasi, akaona yameganda kabla ya yale ya mwenzake yasiyochemshwa. Mwalimu alimwambia amekosea. Baadaye, akiwa Mkwawa huko Iringa, alimwuliza Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, naye hakumcheka bali alilijaribu, na mwaka 1969 wawili hao waliandika habari hiyo pamoja. Wataalamu wangali wakibishana. Wengine wamejaribu tena wasilione jambo hilo. Nalipenda swali lake, lakini lahusu kuganda, wala si kupoa kwa kunywa. Sufuria ya moto ikiingizwa katika jokofu dogo hupasha moto vyakula vilivyomo na kula umeme mwingi. Ipoze kwanza karaini, kisha uitie. Na chupa ya kioo iliyojaa isisahauliwe mahali pa kugandisha, kwa kuwa maji yakiganda hutanuka na chupa hupasuka.

Vile vitambaa vya kuvika debe vifuliwe kila juma na kuanikwa juani, kwani vikishika ukungu hunuka, na wachumaji watayatema maji yako tena.