Kwa Baisikeli Kuyafuata Majani Yapukutikayo

Katika nchi za Ulaya, na upande wa kaskazini wa Marekani, mwaka una majira ambayo sisi hatuna. Mwezi wa Septemba siku huanza kuwa fupi, baridi huingia, na miti mingi hugeuka rangi, kisha hupukutisha majani yake yote. Jimbo la Vermont, katika Marekani, hupokea kila mwaka wageni wengi waendao kuitazama miti hiyo tu. Wengine huenda kwa makundi juu ya baisikeli, kwa kuwa mwendo wa baisikeli si wa haraka hata usione kitu, wala si wa polepole hata jua lichwe ungali palepale.

Kamusi nyingine huyaita majira hayo vuli. Jina hilo laweza kumpoteza msomaji wa kwetu, maana vuli yetu ni mvua za Novemba na Desemba, wakati miti ichipuapo. Ni kinyume kabisa. Basi je, kwetu majani hayapukutiki? Yapukutika, ila kwa sababu nyingine. Na mahali pazuri pa kuiona sababu hiyo kwa macho ni njia itokayo Mto wa Mbu, ikapita Karatu, hata kufika lango la Ngorongoro. Tuifuate njia hiyo pamoja na kundi la waendesha baisikeli, siku moja ya mwezi wa Septemba, masika yakiwa yamekwisha pita tangu miezi mitatu au minne.

Safari yaanza alfajiri, kabla jua halijawa kali. Mbele yupo kiongozi aijuaye njia. Nyuma kabisa yupo mwenye pampu, viraka na gundi, wala hapana ruhusa mtu yeyote kubaki nyuma yake. Mwendo wa kundi ni mwendo wa yule aliyechoka kuliko wote.

Mto wa Mbu ni mji ulio chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, karibu na Ziwa Manyara. Tazama kwanza chini ya ukuta: pana msitu mnene, wenye mikuyu mikubwa, na majani yake ni mabichi kana kwamba mvua ilinyesha jana. Sasa inua macho utazame ukuta wenyewe. Huko mibuyu imesimama uchi, haina hata jani moja, matawi yake yameelekea mbinguni kama mizizi. Jua ni lile lile, na upepo ni ule ule. Tofauti ni moja tu: chini ya ukuta hububujika chemchemi mwaka mzima, na mizizi ya mikuyu yafikia maji. Mibuyu ya juu hungoja mvua.

Hapa yatupasa kujua kazi ya jani. Jani lina matundu madogo yasiyoonekana kwa macho, na kwa matundu hayo mti huvuta hewa ya kutengenezea chakula chake. Lakini tundu lifunguliwapo kwa hewa, maji nayo hutoka. Mti wenye majani mengi hunywa maji mengi kila siku. Na ardhi ikikauka, majani yanakuwa hasara. Basi mti huyakata. Penye shina la jani huota tabaka nyembamba, ngumu kama kizibo, nayo hufunga njia ya maji. Jani hukauka, na upepo mdogo hulidondosha. Miti ya Ulaya hufanya vivyo hivyo, ila yenyewe hukimbia baridi na upungufu wa mwanga. Rangi ya kijani huvunjika kwanza, ndipo manjano iliyokuwamo tangu mwanzo huonekana. Nyekundu hutengenezwa upya siku zile za mwisho. Mbuyu wetu haujipambi hivyo. Lakini una werevu wake: shina lake limejaa maji, na ukikwangua gome utaona chini yake ngozi ya kijani, ambayo huendelea kutengeneza chakula kidogo hata pasipo majani.

Sasa barabara yaupanda ukuta, na mazungumzo yakoma. Kila mmoja huuhamisha mnyororo kwenye gurudumu la meno lililo kubwa zaidi huko nyuma. Miguu huzunguka mara nyingi na baisikeli huenda kidogo, lakini nguvu itakiwayo ni ndogo. Wasio na gia hushuka na kusukuma, wala si aibu. Atakayetoka nje ya lami ili apumzike penye kivuli na aangalie miiba ya migunga. Mpira ukitobolewa, hutolewa, hujazwa upepo na kuzamishwa katika beseni la maji. Mapovu yatokapo, ndipo pa kutia kiraka.

Juu ya ukuta nchi hubadilika. Udongo ni mwekundu, mzuri kwa kilimo, kwa kuwa ulitokana na milima ya moto ya zamani. Huku Rhotia na Karatu wengi wa wakulima ni Wairaqw, ambao watu wengine huwaita Wambulu. Mwezi wa Septemba mahindi yamekwisha vunwa, na mashamba yana rangi ya hudhurungi pande zote. Lakini katikati ya mabua makavu utaona mistari ya kijani. Hiyo ni mbaazi. Ilipandwa pamoja na mahindi, na mvua zilipokoma mahindi yalikufa nayo ikabaki hai, kwa sababu mzizi wake huzama chini sana kufuata unyevu. Mtu asiyejua kusoma kitabu aweza kuisoma habari hiyo shambani mwake.

Toka Mto wa Mbu hata Karatu ni kama kilometa 30. Kundi hupumzika hapo na kunywa chai. Mbele ya mji, kuelekea msituni, kuna mashamba ya kahawa, na kandokando yake imepandwa migrivea, mti uliotoka Australia. Majani ya mgrivea huanguka kidogo kidogo, yakatanda chini kama jamvi. Wakulima huyaacha, kwa kuwa huzuia jua lisinyonye maji ya udongo. Na mgeni akitafuta rangi kama zile za kwao, afadhali angoje Oktoba, wakati mijakaranda ya nyanda hizi itiapo zambarau na kuitandaza njiani. Ila hayo si majani, ni maua.

Mwisho wa mashamba ni mwanzo wa msitu. Mpaka huu ni wa ghafula: upande mmoja shamba kavu, upande wa pili kijani kizito. Baisikeli huachwa nje ya lango, kwa maana ndani mna nyati, tembo na simba, na kreta huingiwa kwa motokaa. Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro liliwekwa mwaka 1959, na mwaka 1979 likatiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Je, kwa nini msitu huu haupukutiki kama mibuyu? Upepo wa mashariki hutoka Bahari ya Hindi ukichukua mvuke. Ufikapo milima hii hulazimika kupanda, na huko juu, zaidi ya meta 2,200, hupoa. Mvuke hugeuka kuwa wingu, kama ule wa chungu ugusapo mfuniko wa baridi. Hata wakati wa kiangazi ukungu huingia msituni asubuhi. Matawi yamevaa ndevu ndefu za kijivu, nazo huushika ukungu na kuudondosha matone chini. Upande wa magharibi, kuelekea Olduvai, upepo huwa umekwisha acha maji yake, na nchi ni kavu.

Maji hayo huingia polepole katika mawe yenye vinyweleo. Mengine hutoka karibu, katika vijito na chemchemi za Karatu. Mengine husafiri chini ya ardhi mpaka ukuta wa Bonde la Ufa, yakatokea penye mikuyu tuliyoiona alfajiri. Miti ikikatwa huku juu, mvua hupiga udongo mtupu, huteremka kwa nguvu na kuchimba makorongo, wala chemchemi hazipati kitu. Lakini mwenye kuishi kando ya mpaka ataka kuni za kupikia leo, na usiku tembo hutoka msituni akala mahindi yake. Si haki kumwambia tu kwamba msitu ni mzuri. Mgrivea uliopandwa shambani humpa kuni na boriti bila kuvuka mpaka, na kwangu mimi huo ndio mti mkubwa kuliko yote tuliyoipita leo.

Toka ukingoni kreta huonekana yote kwa mara moja, shimo lenye kina cha meta 600 na eneo la kilometa za mraba 260 hivi. Lakini hapana nafasi ya kukaa sana. Motokaa yapaswa kutoka langoni kabla ya saa 12 jioni. Nje ya lango kila mmoja hujaribu breki zake, ya mbele na ya nyuma, ndipo kundi lianze kuteremka kwenda Karatu, likiacha nafasi ya kutosha kati ya baisikeli na baisikeli.