Je, Wajua? Picha ya Chopin Ilikatwa Vipande Viwili

Picha maarufu ya Frédéric Chopin, mtunzi wa muziki kutoka Poland, ni kipande tu cha picha kubwa iliyokatwa. Rafiki yake, mchoraji Mfaransa Eugène Delacroix, aliichora kwa rangi za mafuta mwaka 1838 jijini Paris. Katika picha nzima, Chopin alikuwa akipiga piano. Kando yake alikuwapo mpenzi wake, mwandishi George Sand, akimsikiliza. Sand alikuwa mwanamke. Jina lake halisi ni Aurore Dupin.

Picha hiyo haikukamilika. Ilibaki kwa Delacroix hadi alipofariki mwaka 1863. Baadaye turubai ikakatwa, na wapenzi wakatenganishwa. Leo Chopin yuko katika jumba la makumbusho la Louvre, Paris. Sand yuko Ordrupgaard, karibu na Copenhagen, Denmark, umbali wa takriban kilomita 1,000. Hasara kubwa zaidi ni mikono ya Chopin: mpiga piano huyu hodari amebakiwa na kichwa na mabega tu. Kwa bahati njema, mchoro wa maandalizi wa penseli ulinusurika, nao unawaonyesha wote wawili pamoja.

Delacroix aliupenda mno muziki wa rafiki yake. Chopin alipofariki mwaka 1849, Delacroix alikuwa miongoni mwa wasindikizaji wa jeneza. Pia alimchora kwa penseli akiwa amevikwa taji la majani, kama mshairi Dante wa Italia.