Kufuli Lililobaki Katika Mfuko Wake

Mwezi wa Machi mwaka 2024, katika mahakama ya kaunti ya Oakland, jimbo la Michigan nchini Marekani, mwendesha mashtaka alisimama mbele ya raia 12 waliokula yamini ya kuamua kwa insafu, akashika bastola na kufuli la waya, akaupitisha waya ule ndani ya bastola, akaufunga, na kazi yote ikamalizika kwa sekunde chache, muda usiomtosha mtu kufunga kamba za viatu vyake. Kufuli la namna hiyo lilikuwa limetoka dukani pamoja na bastola iliyozua kesi. Nalo, nyumba ya mshitakiwa ilipopekuliwa, lilikutwa lingali katika mfuko wake wa plastiki, halijatumika hata mara moja.

Mshitakiwa huyo hakumpiga mtu risasi. Alikuwa baba wa kijana wa miaka 15 ambaye, tarehe 30 Novemba 2021, aliingia na bastola katika shule ya sekondari ya Oxford, mji mdogo ulio kaskazini mwa Detroit, akaua wanafunzi wanne na kujeruhi watu saba. Bastola ilikuwa haijatimiza juma moja tangu inunuliwe: baba na mwana walikwenda dukani pamoja Ijumaa ya tarehe 26, siku ambayo maduka ya Marekani hupunguza bei, na kesho yake mama akampeleka mwanawe kwenye uwanja wa shabaha akaijaribu. Asubuhi ya siku ya msiba mwalimu aliona karatasi ambayo juu yake kijana alikuwa amechora bastola na mtu anayevuja damu, na pembeni ameandika maneno ya kuomba msaada. Wazazi waliitwa, wakaja, wakaketi kwa dakika chache na maofisa wa shule, kisha wakaondoka bila ya kumchukua mtoto wao na bila ya kumwambia yeyote kwamba nyumbani kwao kulikuwa na silaha aliyonunuliwa siku nne tu zilizopita. Mkoba wa kijana haukufunguliwa. Bastola ilikuwa ndani yake, na saa mbili hivi baadaye ikaanza kulia.

Habari zilipotapakaa kwamba shuleni watu wanauawa, baba alikimbilia nyumbani, akatazama mahali alipokuwa ameiweka, asiione, akawapigia simu polisi akawaambia kwamba silaha yake imetoweka na kwamba anadhani mwanawe ndiye aliyeichukua. Nimeisoma habari ya simu hiyo mara nyingi, na kila nikiisoma hunijia swali lile lile: mtu aliyejua mara moja mahali pa kwenda kutazama, na mara moja akajua nani ameichukua, alikosa nini cha kumwonya siku nne kabla?

Mama alitiwa hatiani tarehe 6 Februari 2024 na baba tarehe 14 Machi, kila mmoja na jopo lake la raia, kila mmoja kwa makosa manne ya kuua bila ya kukusudia. Na tarehe 9 Aprili wote wawili wakahukumiwa kifungo cha miaka isiyopungua 10 na isiyozidi 15. Katika historia ya Marekani hao ndio wazazi wa kwanza kupatikana na hatia ya aina hiyo kwa mauaji ya halaiki yaliyofanywa shuleni na mtoto wao. Ajabu ni kwamba, siku ya mauaji, Michigan haikuwa na sheria ya kumlazimisha mwenye silaha kuifungia mbali na watoto. Sheria hiyo ilitiwa saini Aprili 2023, ikaanza kufanya kazi tarehe 13 Februari 2024, juma moja kamili baada ya mama kutiwa hatiani. Kwa hiyo raia wale waliokaa kuhukumu hawakuwa na kifungu cha kufuli cha kukishika mkononi. Walichokishika ni jambo lililo kongwe kuliko kufuli, kwamba mtu aliyeiona hatari kwa macho yake, na aliyekuwa na uwezo wa kuizuia kwa juhudi ndogo ambayo kila mwenye akili timamu angeifanya, akaacha kuifanya, ana fungu lake katika damu iliyomwagika.

Watu wa pwani yetu hawahitaji kusafiri hadi Michigan kulipata wazo hilo, maana limo katika hukumu za amana ambazo wazee wetu walizisoma kwa masheikh na kuziendesha katika mabaraza yao. Aliyepokea amana, ikipotea kwa moto au kwa gharika, hatozwi kitu. Hutozwa ilipopotea kwa taksiri yake, yaani uzembe wake, na taksiri hupimwa kwa kuangalia kama aliihifadhi mahali panapolingana nayo. Kuni huachwa uani na hapana wa kumlaumu mwenye kuziacha. Dhahabu ikiachwa uani, hata mwizi akapatikana na kukatiwa hukumu yake, mwenye kuilinda naye ana la kujibu. Sasa tuipime bastola kwa mizani hiyo hiyo. Thamani yake ya fedha ni ndogo kuliko ya pikipiki; lakini kinachotakiwa kuhifadhiwa katika jambo hili si chuma kile, bali ni roho za wote wanaoweza kufikiwa nacho, za mtoto wa nyumbani, za mtoto wa jirani, za mwanafunzi aliyeketi darasani ambaye hata jina la mwenye silaha halijui, nao wote, bila ya kuulizwa, wamewekwa amana mikononi mwake tangu siku aliyolipa fedha dukani na kuondoka nayo. Kwa sababu hiyo siwezi kukubaliana na wasemao kwamba kosa la mtoto ni la mtoto na habari ikaishia hapo. Mtoto alihukumiwa kifungo cha maisha, na alistahili kujibu kwa alichokitenda. Lakini silaha isiyofungwa, hata iwe na kibali chenye mihuri mingapi, kwa kweli ni mali ya mkono wa kwanza utakaoifikia, na aliyeiacha katika hali hiyo ameigawa kwa hiari yake.

Nyumba ile ya Michigan, tena, haikukosa kasha la chuma. Silaha nyingine mbili zilikuwa zimefungiwa humo, na tarakimu za siri za kulifungulia zilikuwa sifuri tatu, kama zilivyowekwa kiwandani. Ile bastola mpya, kwa maelezo aliyoyatoa baba kwa polisi, ilifichwa katika kabati la chumbani, na risasi zikafichwa mahali pengine chini ya nguo. Hapa ndipo wazazi wengi wanapojidanganya, wala simwoni baba huyu kuwa wa peke yake: anadhani kuficha ni kufunga. Mzazi gani hajaficha halua ya Idi juu ya kabati, akaikuta imemegwa mkesha wa sikukuu? Mtoto huijua nyumba kuliko aliyeijenga, maana yeye hushinda humo mchana kutwa bila ya shughuli, ana macho mapya na magoti yasiyochoka, na kila kilichofichwa kwake ni wito. Idara ya Marekani inayomlinda rais, ambayo pia huyachunguza mashambulio ya shuleni, ilieleza mwaka 2019 kwamba takriban robo tatu ya wale waliotumia bunduki katika mashambulio iliyoyapitia walizipata katika nyumba za wazazi wao au za jamaa zao wa karibu. Hawakwenda kuzitafuta gizani kwa wauza magendo. Zilikuwa chumba cha pili.

Wajerumani waliujua ukweli huu mapema, nao waliujua kwa msiba. Huko Winnenden, karibu na Stuttgart, tarehe 11 Machi 2009, kijana wa miaka 17 aliwaua watu 15, kisha akajiua. Baba yake alikuwa mwanachama wa klabu ya shabaha, mtu mwenye silaha zaidi ya kumi, zote kwa kibali halali, na zote alizifungia katika kasha la chuma kama sheria ilivyotaka, isipokuwa bastola moja aliyoiweka chumbani katika kabati la nguo. Ndiyo iliyochukuliwa. Mahakama ya Stuttgart ilimtia hatiani mwaka 2011 kwa kuua kwa uzembe, na kesi iliporudiwa mwaka 2013 akatiwa hatiani tena. Mara zote mbili kifungo kilikuwa cha kuahirishwa, jambo ambalo mimi naliona kuwa jepesi mno kwa makaburi 15. Lakini katika mwaka ule ule wa msiba bunge lao lilibadili sheria, likawapa maofisa ruhusa ya kubisha hodi kwa mwenye silaha bila ya taarifa, waone kwa macho yao zilivyohifadhiwa.

Ipo hoja ya upande wa pili, nami siidharau, maana wanaoitoa wengi wao ni watu wenye hofu ya kweli: mjane anayeishi peke yake, mkulima ambaye kituo cha polisi kiko mbali naye. Wanasema kwamba mwizi hangoji mtu atafute ufunguo. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Heller, ilitangua sheria ya jiji la Washington iliyotaka bunduki za nyumbani ziwe zimefunguliwa vipande au zimefungwa, kwa kuwa ilimwondolea mwenye nyumba njia ya kujilinda. Hata hivyo siku hizi yako makasha madogo yanayofunguka kwa alama ya kidole cha mwenyewe, kwa muda mfupi sana. Na silaha iliyo mwilini mwa mwenyewe iko chini ya ulinzi wake, ilhali ile aliyoiacha drooni akaenda kazini haimlindi mtu yeyote, inangoja tu. Fauka ya hayo, nchini humo zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki ni vya watu waliojiua, na waganga wa nafsi wanatwambia kwamba wimbi la kutaka kujidhuru aghalabu hupita upesi. Kufuli humpa mwenye huzuni muda wa wimbi hilo kupita na wa mtu wa kumshika mkono kufika.

Kwetu silaha za raia si nyingi kama zao. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, inamtaka kila mwenye nayo aiweke mahali salama wakati wote. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Na nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilitia saini Itifaki ya Nairobi tarehe 21 Aprili 2004, zikaahidi kuzisimamia silaha ndogo pamoja na zile zilizo mikononi mwa raia. Natamani sana maofisa wetu nao wapewe ruhusa na nauli ya kubisha hodi, maana karatasi ya kibali huonesha nani kanunua, haioneshi anaiweka wapi. Kabla ya sheria hizi zote, mzee wa shamba aliyekuwa na gobori la kufukuzia nguruwe, ikiwa ni mtu wa hadhari, alilirudisha nyumbani tupu: gobori darini, baruti mahali pake, fataki mahali pake, na hakuna mjukuu aliyeweza kuvikusanya vitatu hivyo bila ya kupita mbele ya mtu mzima.

Basi wewe msomaji unayemiliki silaha kwa kibali cha serikali, uwe mlinzi, mfanyabiashara au mkulima, nakusihi jambo moja. Usiku wa leo, watoto wakiisha kulala, iendee ilipo. Itoe risasi, uifunge, risasi uzifungie pengine. Na kama kasha lako ni la tarakimu, zibadilishe zile ulizozikuta. Kisha jiulize ufunguo unauweka wapi, na nani mwingine katika nyumba hiyo anapajua.