Je, Wajua? Gramu moja hugandisha lita mia

Nchini Uganda, pakiti ya gramu 1 ya bakteria waliokaushwa inatosha kugandisha lita 100 za maziwa. Ndani yake mna bakteria wa aina mbili. Wa kwanza, Lactobacillus rhamnosus, ni wa ukoo uliopatikana kwenye utumbo wa binadamu mwenye afya miaka ya 1980 na watafiti wa Marekani, Sherwood Gorbach na Barry Goldin. Anasifika kwa kusaidia tumbo, ila kwenye maziwa peke yake ni goigoi: hawezi kula sukari ya maziwa. Ndiyo maana huwekewa mwenzake, Streptococcus thermophilus, anayeivunja sukari hiyo na kumwachia chakula. Asidi ya laktiki wanayoitoa ndiyo inayoyafanya maziwa kuwa mazito na machachu.

Muda wa hataza ya ukoo huo wa Gorbach na Goldin ulipokwisha, shirika la Yoba for Life la Uholanzi likaanza kuwafikishia wasindikaji wadogo pakiti hizo. Maziwa huchemshwa, huachwa yapoe hadi nyuzi 45 hivi, hutiwa unga wa bakteria hao, kisha chombo hufunikwa gubigubi usiku kucha.

Je, ni dawa? Tusikimbilie huko. Baadhi ya tafiti zimeona Lactobacillus rhamnosus huyu anafupisha kuhara kwa watoto. Nyingine hazikuona tofauti.